Mnyaa Ubaki Kwenye Ua

Ukitoka Tabora mjini kuelekea Nzega, kaya nyingi utazikuta zimezungushiwa minyaa. Ukame hauutishi, mifugo huukwepa, na tawi ukilichomeka tu ardhini linashika. Kwa kazi ya ua sioni mshindani wake.

Ugomvi wangu ni utomvu wake mweupe kuingia vinywani mwa watu. Huyu anakwambia matone mawili kwenye uji yanasafisha tumbo, yule anautia kwenye jino lililotoboka, mwingine anausifia kwa nguvu za kiume (mti gani nchi hii haujasingiziwa hilo?). Ukiuliza madhara unajibiwa: ni asili, hauna kemikali. Na wanaojibu hivyo wanajua fika kwamba mnyaa ukipondwa na kutiwa bwawani, samaki wanaelea.

Kwenye chunjua nawaelewa. Utomvu unababua ngozi, basi na chunjua inababuka. Tatizo ni kwamba haubagui. Una esta za foboli na ingenoli, kemikali hasa, zinazochochea uvimbe na malengelenge. Ukiingia jichoni unaunguza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni vizuri. Maumivu huweza kuchelewa, kwa hiyo usiyasubiri: osha jicho kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Habari za kukamulia maziwa ya mama achana nazo.

Kuna na la saratani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Unahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria, na maabara zimeonyesha kuwa utomvu wa mnyaa unaweza kukiamsha kirusi hicho kikiwa kimelala kwenye seli. Hilo halithibitishi kwamba ua wa nyumbani unaleta saratani, wala sisemi mtu ang'oe minyaa yake. Ila kumnywesha mtoto kitu hicho kwa hiari, hapana.

Tiba asili siipingi. Sheria yake tunayo tangu 2002, na baraza la kusajili waganga lipo. Basi anayeuza utomvu gulioni, kwenye chupa ya maji isiyo na jina wala kipimo, aulizwe kasajiliwa wapi.