Mwenye ufunguo katoka

Bibi yule alipofungua mlango wa nyumba ya kale tuliyokwenda kuitazama, binti yangu alinivuta mkono akaninong'oneza: "Mama, huyu hakutoka?" Nilicheka mpaka nikaona haya, maana bibi wa watu alidhani tunamcheka yeye na ndara zake. Ilikuwa saa nane mchana, kajua kali, mtaa mzima umelala. Tuligonga mara moja tu. Akatoka, ufunguo mfukoni mwa sweta, akapokea lekë zetu, yaani hela ya Albania, akachana tiketi mbili kwenye kitabu, tukapanda juu.

Hapo ni Gjirokastër, kusini mwa Albania. Kutoka Bari ninakoishi ni usiku mmoja wa meli hadi Durrës, halafu basi. Kibali changu cha kuishi Italia kilitosha mpakani, hawakutaka viza wala barua ya mwaliko, na kwa mwenye pasipoti kama yangu hiyo peke yake ni sikukuu. Mji wenyewe umeparamia mlima, na nyumba za wakubwa wa zama za Waturuki zimesimama kama vingome. Hata paa ni za mawe, vipande bapa vilivyolaliana kama magamba ya changu.

Chumba cha wageni kiko ghorofa ya juu kabisa. Mabaraza ya mbao yamezunguka kuta, mito juu yake, na kwa juu kuna kiroshani chenye vitundu ambako wanawake walijibanza kuwachungulia wageni wa kiume bila wao kuonekana. Bibi akapiga godoro kwa kiganja: "Mysafir, mysafir." Nikadhani ananiita msafiri. Kumbe kwao neno hilohilo ni mgeni. Wana na "haber", ambayo ni habari, na "dynja", ambayo ni dunia. Kahawa ikaja nyeusi na chungu, pembeni kisahani cha gliko, yaani tini zilizopikwa na sukari mpaka zikawa nzito. Mtu wa pwani umpe kahawa chungu na kitu kitamu pembeni halafu umwambie yuko ugenini!

Sasa turudi kwenye ile nong'ono ya mtoto. Mwaka juzi nilimpeleka kuona magofu fulani ya kwetu, sitayataja, anayeyajua atayajua. Tulitoka nyumbani alfajiri. Geti lina kufuli. Akatokea kijana chini ya mwembe: mwenye ufunguo katoka. Kaenda wapi? Msibani. Atarudi saa ngapi? Atarudi tu. Akapigiwa simu, akaja baada ya saa mbili juu ya bodaboda, na la kwanza alilouliza ni kibali. Kibali hutolewa ofisini, na ofisi Jumamosi imefungwa. Ila tukimpa hela ya maji tutaelewana. Tukaelewana. Ndani nyasi zimetufika kiunoni, na juu ya kaburi la karne na karne mtu kaanika mihogo. Jioni mama yangu naye akanigombeza: "Magofu ya nini, kumpeleka mtoto kwenye majini?"

Najua yanayokuja. Kwanza nitaambiwa Ulaya wana hela. Ya Italia nisingeyaandika, mngenijibu hivyo na mngekuwa na haki. Lakini Albania? Agosti 1991 meli Vlora iliingia hapahapa Bari na watu wapatao 20,000, wengine wananing'inia kwenye kamba, wanakimbia njaa. Wazee wa Bari bado wanasimulia. Mwaka 1997 nchi ile ilivurugika baada ya akiba za watu kumezwa na michezo ya upatu, na makumbusho ya magofu ya Butrint yakaporwa. UNESCO ikayatia Butrint kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mpaka 2005. Kilwa yetu iliingia orodha hiyohiyo 2004, ikatoka 2014. Kwa hiyo msinitolee habari ya utajiri.

Pili nitaambiwa kwani kwao hakuna uozo. Upo! Hatua hamsini kutoka kwa bibi nimeona nyumba iliyobonyea paa, mtini umeota sebuleni. Warithi wengi, mmoja Athens, mwingine Milano, hawaelewani, na paa la mawe si bati la kugongelea misumari. Si ndiyo kesi za Mji Mkongwe hizo, nusu ya ukoo Unguja na nusu Muscat? Tirana walibomoa Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza Mei 17, 2020, alfajiri, watu wakiwa wameulinda kwa miaka zaidi ya miwili. Mwaka uleule, siku ya Krismasi, Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la 1883, ikatuangukia na kuua watu wawili. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Tatu, hili ndilo mnalolipenda: kaenda kuosha wazee Italia kajiona Mzungu, mwacha asili ni mtumwa. Mimi niache asili? Mimi ndiye niliyemkalisha bibi yule nikamwonyesha kwenye simu picha za Kilwa, kupitia kwa mjukuu wake anayejua Kiitaliano. Nikamwambia Ibn Battuta alifika pale 1331 akausifia mji. Kilwa iliorodheshwa UNESCO 1981, wakati Albania imejifungia na kujenga mahandaki ya zege. Mji Mkongwe 2000. Gjirokastër yao ikaja 2005, mji wao mwingine, Berat, ukaongezwa 2008. Tuliwatangulia, nikamwambia, na kifua mbele.

Bibi akasikiliza, akasema kitu. Mjukuu akatafsiri: anauliza, kuingia huko tiketi ni bei gani?

Nikanyamaza. Ningemjibuje? Hela ya maji?

Halafu mtaniambia serikali, serikali. Jamani, nyumba ile haina mlinzi wala geti la umeme. Ina bibi anayekaa humo humo na mfuko wa sweta. Kwetu wanakijiji wanaokaa ukutani mwa magofu hawana ufunguo wala tiketi, na mapato yakipatikana hawayaoni, halafu tunashangaa wanaanika mihogo. Ningekuwa mimi ningeanika hata nguo.

Julai nakuja Tanga. Mtoto keshasema anataka kurudi kulekule, safari hii apige picha vizuri. Kama kuna anayeijua namba ya mwenye ufunguo, anitumie mapema. Vocha nitamnunulia mimi.