Kupima habari za afya: kuukagua ukurasa au kutoka nje yake?

Vyuo vingi humkabidhi mwanafunzi orodha ya maswali: nani kaandika, lini, kwa lengo gani, ametaja marejeo? Orodha hiyo ina faida. Hufundishika kwa kipindi kimoja, na asiyewahi kutazama tarehe ya makala huanza kuitazama. Tatizo ni kwamba majibu yote hutoka kwenye ukurasa uleule unaochunguzwa. Muuza virutubisho anajua kuweka picha ya koti jeupe, marejeo 20 na anwani inayoishia na .org, ambayo yeyote anaweza kuisajili.

Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima wanahistoria, wahakiki wa habari na wanafunzi wa chuo. Katika zoezi moja walipewa kurasa za vyama viwili vya Marekani: American Academy of Pediatrics, chama kikuu cha madaktari wa watoto tangu 1930, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi wengi walikiona hicho kidogo ndicho cha kuaminika zaidi. Wahakiki walitoka upesi kwenye ukurasa, wakatafuta wengine wanasema nini juu yake.

Basi tufundishe kutoka nje ya ukurasa tu? Kwenye lishe hiyo haitoshi, maana chanzo safi nacho husomwa vibaya. Mwaka 2015 IARC, shirika la saratani la WHO, liliweka nyama za kusindikwa kundi la 1, pamoja na tumbaku: gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mwanafunzi huelewa kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Sivyo. Ikiwa 5 kati ya 100 wangeugua hata hivyo, sasa watakaribia 6. Na kundi la 1 hueleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa madhara.

Kwa saa mbili tu za kufundishia, ya kwanza ningeipa kutoka nje ya ukurasa, ya pili hesabu za hatari. Orodha ibaki kwa kusomea utafiti wenyewe: ni watu au panya, wangapi, kwa muda gani, nani kagharamia. Mtihani uwe dai moja, dakika 10, na mwanafunzi aandike alikopita hadi kufikia jibu. Wanaopinga wana hoja: kusahihisha maelezo hayo kwa darasa la watu 200 ni kazi nzito kuliko kuhesabu alama za vema. Wafanye kwa makundi ya watu wanne, karatasi ziwe 50.