Matabibu wa tiba asili wakae nyumba moja?

Kuna wazo linazunguka Mombasa miongoni mwa watu wa tiba asili: wakodi nyumba moja, wagawane vyumba. Wa hijama, yaani wa kuumika kwa vikombe, awe na chake, wa mitishamba chake, mkandaji chake, mtaalamu wa lishe na mwalimu wa yoga nao wapate pahala. Mgonjwa aingie kwa mlango mmoja. Nimesikia wazo hili likisifiwa na nimesikia likipondwa. Mimi naliunga mkono, ila si kwa sababu inayotangulizwa na wengi.

Inayotangulizwa ni kodi. Kweli, chumba cha peke yako mjini kinaumiza, na anayetibu sebuleni kwake hana pa kumlaza mgonjwa wala pa kunawia mikono. Lakini kama ni kodi tu, hata vinyozi hugawana chumba.

Tuanze na damu. Hijama imerudi kwa nguvu siku hizi. Kikombe kinavuta ngozi, chale ndogo zinapigwa kwa wembe, damu inatoka. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili hata siku 7, kwa hiyo kikombe kilichosuuzwa kwa sabuni na kuanikwa juani bado kina hatari. Panahitajika vikombe vya kutumia mara moja, au vya glasi pamoja na mtambo wa mvuke unaofika nyuzi 121. Panahitajika sanduku gumu la kutupia nyembe, na mtu wa kuchukua taka za damu akazichome inavyotakiwa. Tabibu mmoja wa Majengo atayamudu vipi hayo yote peke yake? Watano wakichanga, wataweza.

Lakini kilichonifanya nilitake jambo hili kwa moyo ni shangazi yangu. Ana kisukari. Miaka kadhaa iliyopita alizirai jikoni kwake, sukari imeshuka mno. Alikuwa akimeza vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, na kila asubuhi akinywa maji ya karela, lile tunda chungu, aliyoshauriwa na muuza dawa za miti. Karela nayo hushusha sukari. Daktari hakumuuliza anakunywa nini nyumbani. Muuza dawa hakumuuliza anameza nini. Na shangazi mwenyewe aliona ni utovu wa adabu kumtajia huyu habari za yule. Karela sijawahi kuilaumu, wala vidonge. Naulaumu ule ukimya, na watu wakikaa chini ya paa moja angalau utapata pa kuvunjikia.

Wanaopinga nao wana hoja, na nzito kuliko zote ni ya jina. Nyumba moja huwa na jina moja. Aliyepona mgongo kwa mkandaji ataingia chumba cha pili na imani ileile, na huko pengine ameketi mtu anayeahidi kumaliza kansa kwa chupa tatu. Mapokezi safi na bango zuri vitaiongeza imani hiyo. Tusisahau mwaka wa 2011, watu walipotoka hata huku kwetu kufuata kikombe cha dawa ya kunywa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kule Loliondo, Tanzania. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za huko, karibu na bure, na wako walioacha dawa za virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Uvimbe wa titi unaoweza kukatwa mwezi huu hausubiri mtu amalize chupa tatu. Hoja hii siwezi kuipuuza, na asiyekuwa na jibu lake asifungue nyumba.

Hoja ya faragha ni nyepesi zaidi. Mzazi aliye ndani ya arubaini, wa kukandwa maji moto na kufungwa mkaja, hatapita katikati ya wanaume waliokaa foleni. Kweli, lakini huyo mkandaji humfuata kwake, na naona ibaki hivyo. Kwa wanawake wengine nyumba za Mji wa Kale zilishatuonyesha njia: baraza la nje kwa wageni, ndani kwa kina mama. Kuhusu wapunga pepo, tabibu anayefuata Sunna hatakubali kugawana nao ukuta, na sioni kwa nini alazimishwe. Nyumba ishike kazi za mwili, yaishie hapo.

Tanzania wana sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, pamoja na baraza linalosajili watoa tiba. Kwetu, Sheria ya Afya ya 2017 inazungumzia chombo cha kusimamia tiba hizi na njia ya rufaa kutoka kwa tabibu hadi hospitali. Rufaa hiyo nyumba inaweza kuianza kesho, bila kungoja mtu.

Nataka mlangoni akae muuguzi mwenye leseni, na mashine ya presha na ya sukari. Kila anayeingia apimwe na aulizwe dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti, ziandikwe katika daftari moja linalosomwa na vyumba vyote. Muuguzi awe na uwezo wa kumwambia mtu, "Mama, wewe leo nenda Hospitali Kuu ya Pwani," na tabibu yeyote asiubatilishe. Mshahara wake utoke kwenye kodi ya vyumba. Ukitoka kwenye idadi ya wagonjwa atakaowapitisha, hatamrudisha mtu.

Hapa najua wazee watakunja uso. Elimu ya miti hurithiwa kwa mkoba, na mwenye mkoba hapendi kuchunguliwa. Basi vipimo na namna ya kuchanganya abaki navyo mwenyewe. Majina ya miti aliyompa mgonjwa yaandikwe daftarini, na anayekataa hilo asipewe ufunguo wa chumba.