Bado Flamingo Tu

Mama mkwe hakunipa waridi, alinikopesha. Alikata matawi 24 kutoka kwenye lile waridi lake jekundu linalopanda ukuta wa nyumba kule Njoro, akayafunga kwa gazeti bichi, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mkwe, yakishika nitakuja kuyaona." Mwenye mke anajua kwamba hiyo si ahadi. Hiyo ni tarehe ya kesi.

Nikarudi Nakuru kwa matatu nimeyapakata kama mtoto wa kubatizwa. Na niseme mapema kwamba mwanzo sikukosea. Kila tawi lilikuwa na urefu wa penseli, limekatwa chini tu ya jicho, majani ya chini yameondolewa. Nilitoboa matako ya mikebe 24 ya mafuta ya kupikia ya Kasuku, nikajaza mchanga uliochanganywa na ile changarawe nyepesi ya volkeno ambayo huku kwetu unaiokota tu, nikafunika kila tawi kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Wiki ya sita nilivuta kipandikizi kidogo kwa vidole viwili. Kikakataa kutoka. Nikavuta cha pili, kikakataa. Siku hiyo nilimpigia mama mkwe simu bila kutumwa na mtu.

Wiki mbili baadaye majani ya chini yakaanza kupauka, kisha yakawa manjano yote, jani zima. Nikasema hii ni njaa ya nitrojeni. Linaloniuma hadi leo ni kwamba nilikuwa sahihi. Mchanga na changarawe havina chakula. Mizizi ilikuwa imeota jangwani. Ila kutoka kujua ugonjwa hadi kujua kipimo cha dawa ni safari ndefu, na mimi sikuianza. Nilichukua mbolea ya CAN, ile ya nitrojeni, iliyobaki kwenye mahindi, nikaweka kijiko cha supu kwa kila mkebe, kimejaa, tena kina kilele. Nikawaza, mahindi yanakula, waridi litashindwaje?

Siku ya nne kingo za majani zilikuwa kahawia, kavu kama chapati iliyosahauliwa. Tisa wakaaga dunia.

Mtu mwenye busara angeacha hapo. Mimi nikakumbuka kwamba nyanya yangu alitibu kila kitu kwa majivu, kuanzia sufuria hadi viwavi. Nikachota jikoni, ngumi moja kwa mkebe, "kupoza ile mbolea." Halafu nikamwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni, haya maji yetu yanayopaka meno rangi ya chai.

Wale 15 waliobaki wakatoa majani mapya. Nikashangilia kabla ya kuvaa miwani. Majani yalikuwa manjano kama maziwa ya siku ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, na mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, kama ramani ya mito. Usiku nikachimba kwenye simu hadi saa saba, nikapata jibu: upungufu wa madini ya chuma.

Chuma! Nikainuka kitandani. Chuma kinapatikana wapi saa saba usiku? Nilikuwa na tochi na koleo, na banda la kuku la mke wangu lilikuwa na mlango uliopigiliwa misumari yenye kutu nzuri sana. Nikang'oa misumari, nikazika miwili kwa kila mkebe na kuegemeza mlango kwa tofali. Nikalala usingizi wa daktari aliyemaliza upasuaji.

Alfajiri niliamshwa na mke wangu, naye hakuniita jina. "Baba nanii, hebu toka nje uone hospitali yako."

Kuku 11. Tofali lilikuwa limelala chali. Mikebe imepinduliwa, mchanga umetapakaa hadi mlangoni, na jogoo alikuwa ametundika tawi la waridi mdomoni kama bwana harusi. Mtetea mmoja mnene, wa madoadoa, alikuwa anachakura mkebe wa mwisho bila haraka hata kidogo.

Kelele zangu zilimleta mzee jirani, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Alikuwa ameniona kwa miezi miwili nikipita na vijiko, hakusema neno kwa sababu hakuulizwa. Aliokota mche uliofukuliwa, akanusa mizizi.

"Mwanangu, yalianza kupauka majani ya juu au ya chini?"

"Kwanza ya chini, mzee. Halafu ya juu."

"Basi hayo ni magonjwa mawili, na la pili umelileta wewe." Akanieleza kwamba mmea ukikosa nitrojeni huwanyang'anya wazee ukawapa vijana, ndiyo maana majani ya chini hutangulia. Chuma hakihami hivyo. Kikikosekana, anayelia ni mtoto. Akatumbukiza kidole kwenye mkebe, akakitazama. "Hii nini? Majivu?"

"Kidogo tu, mzee."

"Majivu, juu ya maji ya kisima yenye magadi. Chuma kikiwepo hapa kimefungwa, mizizi haikioni. Kutu ndiyo kabisa haiyeyuki. Umetengeneza Ziwa Nakuru na magadi yake ndani ya mkebe. Bado flamingo tu."

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Jogoo naye akawika.

Tukaokoa mitano yenye mizizi bado myeupe; mingine ilikuwa imeliwa au kuoza kwa maji yangu ya asubuhi na jioni. Mzee aliniamuru nisuuze mizizi kwa maji ya mvua, nitie mchanga mpya, na nikae wiki mbili bila kuiongezea kitu. "Hata ukiota ndoto, usiiongezee." Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai cha CAN kwenye lita 10 za maji, na chuma cha kuyeyuka nikinyunyize majanini, chepesi kama kipimo cha pakiti kinavyosema, jioni jua likishatulia. Jani la kwanza la kijani lilipotokea nililipiga picha, nikaifanya picha ya simu.

Mama mkwe alifika Jumapili moja baada ya ibada. Alihesabu mikebe mitano. Akahesabu tena, akirudi nyuma, kama mtu anayetafuta ilikofichwa mingine.

"Yalikuwa 24, mkwe."

Nilifungua mdomo, lakini mke wangu alikuwa amekwisha kumweleza yote, misumari na tofali na jogoo, kwa sauti ya mtu aliyengoja nafasi hiyo. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu.

"Aliyekula waridi langu ni yupi?"

Nikamwonyesha yule mtetea wa madoadoa.

Saa kumi aliondoka kwenda stendi ya matatu za Njoro. Kichwa cha kuku kilichungulia kutoka kwenye kiondo, kikitutazama mpaka wakapinda kona.