Nyama ya paja kuokoa mguu: Kusini tuanzie wapi?

Bodaboda ikigongana na gari barabara ya Mtwara–Masasi, mara nyingi kinachoumia ni muundi. Pale mfupa uko chini ya ngozi tu, na ngozi ikichunika mfupa unabaki nje. Ngozi nyembamba ya kubandika haishiki juu ya mfupa uliopoteza utando wake. Panahitajika nyama iliyokuja na damu yake.

Njia moja ni kuitoa pajani, upande wa nje kwa mbele: ngozi, mafuta na mshipa wa damu unaovilisha, vikatwe kwa pamoja kama kiraka, na mshipa uungwe upya mguuni au mkononi. Madaktari wa China waliieleza mwaka 1984. Paja lina nafasi, mshipa wake ni mrefu, na pengo lenye upana usiozidi sentimita nane hivi kwa kawaida hushonwa likafunga. Mkulima wa korosho anabaki na kovu ambalo kikoi kinalificha. Kwa mwenye paja nene, kiraka kikiwekwa kifundoni hutuna hadi kiatu kikatae, akarudi kupunguzwa mafuta.

Wanaopinga upasuaji huu ufanyike Kusini hutaja gharama: hadubini, uzi mwembamba kuliko unywele, saa nyingi mezani. Mimi naogopa zaidi usiku unaofuata. Kila saa muuguzi abonyeze kiraka kwa kidole. Kikiwa cheupe na cha baridi, damu haiingii. Kikigeuka samawati na rangi ikirudi upesi mno, damu haitoki. Hapo mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo. Ikingojwa asubuhi, huenda kiraka kimeshakufa.

Basi wote wapelekwe Muhimbili? Hoja ipo: timu zinazofanya kazi hii kila wiki hufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 95. Lakini Dar ni zaidi ya kilomita 500, ndugu watafute pa kulala, na kidonda hakisubiri. Mwaka 1986 daktari mpasuaji Marko Godina wa Ljubljana, Slovenia, alionyesha kuwa majeraha yaliyofunikwa ndani ya saa 72 yaliharibika na kuoza mara chache kuliko yaliyocheleweshwa.

Kwangu, paja lisiwe la kwanza. Jeraha chini ya goti au katikati ya muundi hufunikwa kwa kugeuza msuli wa shavu la mguu, bila hadubini. Huo ndio ufundi wa kusambaza katika hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao. Sehemu ya chini, karibu na kifundo, ndipo msuli haufiki. Ngozi ya nyuma ya shavu husaidia kwa jeraha dogo. Kubwa linadai paja, na mahali pake ni hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, siku itakapokuwa na timu ya kuamshwa saa nane za usiku. Kabla ya hapo, mwenye jeraha hilo asafishwe vizuri na apewe rufaa siku ileile, si wiki ya tatu baada ya bandeji kufungwa na kufunguliwa.