Mapipa mawili na ubao

Fundi akianguka kutoka ghorofa ya tatu, kazi husimama na simu hupigwa. Akianguka kutoka kwenye ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili, wenzake humcheka: "Hapo tu?" Anajikung'uta vumbi, anarudi kupiga plasta. Kiuno kitaanza kumuuma usiku, akiwa nyumbani.

Wenye nyumba na mafundi wakuu wana hoja yao. Kufunga jukwaa la mirunda kwa ajili ya chumba kimoja hula nusu siku, na nusu siku ni pesa. Mkanda wa usalama nao haufai hapo: kamba yake yenye kipunguza mshtuko huhitaji mita 5 na zaidi za nafasi chini, kwa hiyo kwenye kimo cha pipa utagonga sakafu kabla haijakudaka. Kumvika saidia fundi mkanda ili mkaguzi aridhike ni maigizo. Hapo nakubaliana nao.

Ila hilo "hapo tu" ndilo linalotupoteza. Pipa la lita 200 lina kimo cha karibu sentimita 90. Mtu wa mita 1.7 akisimama juu yake, utosi wake uko mita 2.6 kutoka chini, na akiteleza chali ni kichwa kinachosafiri safari hiyo yote. Kitu kikishuka mita 2 tu bila kizuizi hutua kwa kasi ya karibu kilomita 22 kwa saa, kwa muda wa sekunde 0.64. Ni mwendo wa bodaboda ikikata kona taratibu, tena abiria hana helmeti wala nafasi ya kutanguliza mkono.

Halafu hii ni Mwanza. Nyumba za Mabatini na Igogo zimeng'ang'ania majabali: upande wa mlimani ubao uko usawa wa goti, upande wa bondeni ukuta huohuo unachungulia jiwe. Uingereza ilikwisha kuachana na kipimo cha mita 2, kimo ambacho kuanzia hapo ndipo kazi ilihesabiwa kuwa ya juu na kudai kinga, katika kanuni zake za mwaka 2005. Sasa huulizwa kama anguko lenyewe laweza kumuumiza mtu. Kwa miamba yetu, swali hilo lina akili kuliko futikamba.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafanya kazi tangu 2015, lakini ajali iliyochekwa nani ataiandikia ripoti?

Juzi nilipita Buhongwa. Fundi anatembea juu ya ubao mmoja mwembamba, ndoo ya zege mkononi. Nikauliza kama hakuna wa pili wa kuunganisha. Ulikuwepo. Vibarua watatu walikuwa wameukalia, wakinywa chai.