Lishe ya mwili na akili ianzie kwa anayepika

Kila kundi la WhatsApp nililomo siku hizi lina muuzaji wa makopo. Kundi la kamati ya harusi, la wazazi wa shule, hata lile la msiba ambalo lilitakiwa kufungwa baada ya arobaini. Haupiti muda hujaona picha ya unga wa kijani na orodha ya unayoyatibu: presha, vidonda vya tumbo, uvimbe, nguvu za kiume, na siku hizi wameongeza "msongo wa mawazo na sonona". Chini yake wanaandika kwamba mwili na akili ni kitu kimoja, ukivilisha vizuri vinajitibu vyenyewe. Kuna siku nilimwuliza mmoja wao kama mtu anayemeza dawa za kisukari anaweza kuutumia huo unga. Alinitumia ujumbe mrefu wa sauti, mwisho wake ulikuwa bei na namba ya kulipia.

Hasira yangu inatokana na kwamba maneno yao yana ukweli ndani. Chakula kinagusa akili, na jambo hilo linajulikana tangu zamani. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwishoni mwa miaka ya 1980 waliishi kwa mgao wa msaada, mahindi mengi na karanga kiasi. Karanga zikakatika. Mwaka 1990 watu zaidi ya 17,000 kati yao wakaugua pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi ya shingo na mikono, unaoharisha, na ukiachwa unamvuruga mtu akili kabisa. Kilichokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo, ila imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua mpaka yachemshwe na chokaa au majivu, wanavyofanya watu wa Mexico tangu enzi za mababu zao. Karanga ndizo zilizokuwa zinaziba pengo hilo. Majimbo ya kusini ya Marekani yalipitia mambo hayo hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Watu waliingizwa hospitali za vichaa kwa ugonjwa ulioanzia kwenye sahani ya unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi. Joseph Goldberger, daktari aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, alikuta wenzake wengi wanaamini ni wa kuambukiza. Yeye akaonyesha kwamba ni wa chakula, na wengi hawakumpenda kwa hilo.

Hiyo ni mifano ya mbali kidogo. Wa karibu ni upungufu wa damu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si wote kwa sababu ya chakula, maana malaria imo, minyoo imo, sikoseli imo. Lakini ukosefu wa madini chuma ni sehemu kubwa ya habari hiyo. Sasa mtazame huyo mwanamke nyumbani. Anapanda ngazi za ghorofa moja moyo unamwenda mbio. Anasahau alichotumwa. Anakasirika upesi, analia upesi, hana hamu ya chochote. Anatafuna udongo au mchele mbichi na hajui kwa nini. Kwa mumewe ni mvivu, kwa mawifi ana kisirani, na akipelekwa kwenye maombi anaambiwa ni roho ya kukataliwa. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja la kidoleni na zahanati nyingi wanacho. Kabla ya yote, apimwe.

Tena tazama anachokula, na hasa anachokunywa. Asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana wali na maharage na chai tena, jioni ugali na mchicha, halafu kikombe kingine cha kushushia. Maharage na mchicha vina chuma, lakini ni chuma kigumu kufyonzwa, na chai ikinywewa pamoja na chakula inakizuia zaidi ya nusu. Chai yenyewe haina dhambi. Isogezwe tu, inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Na kwenye maharage na mchicha likamuliwe limau au ndimu, au kiwepo kipande cha embe au chungwa, maana vitamini C inakifungua kile chuma. Kachumbari yenye ndimu, ambayo watu wa Pwani wanaila tangu lini, inafanya kazi hiyo bila kuuzwa na mtu.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Felice Jacka walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona ya kati hadi kali, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Kama nusu yao walikutana na mtaalamu wa lishe kwa wiki 12, wakasaidiwa kuongeza mboga, matunda, mikunde, samaki, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitamu na vya kukaanga. Waliobaki walipewa mtu wa kuzungumza naye tu, kwa muda uleule. Mwishoni karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wamepata nafuu kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na sonona, na kwa wale wengine ilikuwa asilimia 8. Ni jaribio dogo, na huwezi kumficha mtu anachokula, kwa hiyo kila mmoja alijua yuko kundi gani. Sitaki kulibebesha zaidi ya uwezo wake. Ninachokiona mimi ni kwamba chakula kilikuja juu ya matibabu, hakikuyaondoa. Na hakuna aliyeuziwa unga.

Ukiacha mafuta ya zeituni, orodha ile yote iko sokoni kwetu. Dagaa, choroko, kunde, tembele, kisamvu, majani ya maboga, mapapai. Maini, kwa anayeyapata hata mara moja moja, yana chuma na vitamini B12 kuliko karibu chochote kingine buchani (mjamzito asiyazidishe, kwa sababu ya vitamini A iliyomo).

Nisiache unga wa lishe, kwa sababu hapo nia njema inatuponza. Mama anapeleka mashineni mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga na mbegu za maboga, vyote debe moja, vinasagwa pamoja, mtoto anapikiwa uji. Wataalamu wa lishe wameshasema mara nyingi kwamba kujaza nafaka namna hiyo hakumwongezei mtoto kitu. Soya inahitaji kuiva sana, na uji unaepuliwa mapema. Karanga zikishasagwa na kukaa wiki kadhaa kwenye ndoo zinachacha. Na punje chache tu za karanga au mahindi yaliyoota ukungu zinatia sumukuvu kwenye unga mzima, na hiyo huioni wala huisikii ladha yake. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Kwa sababu hiyohiyo, wanaohubiri dona kila kukicha waseme na sehemu ya pili. Dona ni bora kuliko sembe, pumba na kiini vina vitamini za B, ila sumukuvu nayo hukaa zaidi hukohuko kwenye pumba na kiini. Dona ya mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa, sawa. Ya mahindi yaliyolowa ghalani, bora ule sembe.

Dawa ya uji tunayo tangu zamani, kimea. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa. Kiasi kidogo kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalegea wenyewe, na mtoto anakunywa uji wenye nguvu nyingi badala ya maji meupe. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa inalihimiza jambo hili miaka ya 1980. Sijui ni lini tuliona aibu nalo tukahamia kwenye nafaka saba.

Nafika sasa kwenye kilichonifanya niandike. Utafiti ule wa 2022 ulionyesha watoto wenye udumavu ni asilimia 30 kwa Tanzania nzima. Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa, karibu nusu. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi, maharage na viazi, na Njombe parachichi zinaoza chini ya miti. Kama lishe ingekuwa ni suala la kuwa na vyakula, watoto wa Iringa wangekuwa warefu kuliko wa Dar es Salaam. Lakini chakula hakijipiki. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja yuko na dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji uliopoa, maharage mazuri yamekwenda na lori, na jioni mama anarudi bado ana kuni na maji. Kumwambia mtu huyo ale makundi yote ya vyakula ni kumwongezea kazi.

Mjini ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu anayepika ndiye anayekula mwisho, tena jikoni, tena amesimama. Mnofu ni wa baba, finyango za watoto, yeye anafuta mchuzi kwa ukoko. Ukimwuliza atakwambia ameshiba harufu. Mwanamke huyo ndiye mwenye hedhi, ndiye anayebeba mimba na kunyonyesha, kwa maana nyingine ndiye anayehitaji chuma kuliko wote mezani. Halafu tunashangaa asilimia 42 imetoka wapi. Wanaojiita watu wa lishe ya mwili na akili wangeanza hapo, kwa kuuliza nani anapakuliwa nini, nani anapumzika lini. Wangesema na wanaume. Lakini hapo hakuna cha kuuza.

Nyumbani kwetu tulibadili utaratibu, mpishi anapakua sahani yake kwanza na anakaa. Mama mkwe alipokuja kututembelea hakupendezwa. "Tangu lini mke anajipakulia kabla ya mumewe?"

"Mama, ni mimi niliyemwomba."

"Wewe unamwogopa," akasema, akaendelea kula. Mpaka anaondoka hakubadili msimamo, na wala sikutegemea abadili.

Kwa tunaokula nje, sahani ya mama lishe ni lishe nzuri kuliko tunavyoipa heshima. Maharage, mboga ya majani, samaki au dagaa, kipande cha tikiti au ndizi mbivu pembeni. Tatizo ni vipimo. Wali unakuwa mlima na mchicha unawekwa kijiko kimoja. Mimi huwa naomba, "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga na maharage." Ninayekula kwake alinitazama kwa huruma siku ya kwanza. "Kaka, utashiba kweli? Usije ukasema nimekupunja." Nilimwambia alipishe bei ileile. Siku hizi ananipakulia bila kuuliza, na kuna madereva wawili wa bodaboda wamefuata mtindo huo, ingawa wao bado wanashushia na kinywaji cha kuongeza nguvu saa kumi jioni, halafu usiku wanalalamika usingizi hauji. Nusu ya kafeini iliyomo bado inazunguka mwilini baada ya muda wa saa tano hivi.

Mwenye sonona kali, anayesikia sauti, anayefikiria kujiua, huyo asipewe ushauri wa mboga. Apelekwe hospitali leo. Na aliye kwenye dawa asiziache kwa sababu amebadili chakula na anajisikia vizuri. Kuna dawa zinazogusana na chakula moja kwa moja. Anayetumia lithiamu, mojawapo ya dawa za maradhi ya akili, akikata chumvi ghafla au akifunga bila kunywa vya kutosha, dawa inaweza kupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu, kwa hiyo kabla ya Ramadhani au mfungo wowote azungumze na daktari wake. Metformini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaimeza, inaweza kushusha B12 kadiri miaka inavyokwenda, na B12 ikipungua mtu anachoka, anasahau, moyo unazama, na miguu inakufa ganzi. Inaweza kuwa kisukari chenyewe, inaweza kuwa B12, kwa macho huwezi kutofautisha. Kama mzazi wako yuko kwenye dawa hiyo kwa muda mrefu na ameanza kuwa hivyo, mwulize daktari kuhusu B12 kabla watu hawajakwambia ni uzee.